Stempu na Bahasha za Zamani za Ufini: Mwongozo Kamili wa Kuanza bila Kuuziwa Mbuzi kwenye Gunia

Picha ninazotumiwa na wakusanyaji wapya hufanana mno. Kuna stempu ya Urusi iliyonunuliwa kwa bei ya stempu ya Ufini. Kuna bahasha ya mwaka 1942 iliyokatwa kona kwa mkasi ili stempu "ihifadhiwe vizuri". Kuna stempu safi kabisa zilizoganda kwenye albamu ya picha, zile za plastiki yenye gundi. Na swali ni lile lile: hii itauzwa shilingi ngapi?

Mara nyingi jibu linauma. Ndiyo maana nimeandika kazi nzima hapa, hatua kwa hatua. Historia nimeigusa pale tu inapokusaidia kutambua kitu kilicho mkononi mwako.

Msimamo wangu niuseme mapema: kwa upande wa Ufini, anza na bahasha iliyopita posta kabla ya stempu za kubandika kwenye albamu. Bahasha ina tarehe, mji, ada iliyolipwa na njia iliyopita, na vitu hivyo vinne hukagua ukweli wa kila kimoja. Stempu iliyong'olewa imepoteza mashahidi wake wote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kununua chochote

- Kibano cha stempu chenye ncha bapa. Cha nyusi kina makali, kitatoboa karatasi.
- Lenzi ya kukuza mara 10. Simu inasaidia, lakini kamera nyingi hulainisha picha zenyewe na kuficha mkwaruzo.
- Kipimo cha meno cha stempu (meno ni vile vijino vya ukingoni), cha plastiki angavu au karatasi ngumu.
- Trei ndogo nyeusi na benzini safi ya maduka ya stempu, kwa ajili ya kuona alama ya maji, yaani mchoro hafifu uliomo ndani ya karatasi yenyewe.
- Taa ndogo ya miale ya urujuani, ile ile wanayotumia wauza maduka kukagua noti.
- Vifuko vya poliesta vya kuwekea bahasha. Ukiona PVC, plastiki ya aina nyingine, kwenye maelezo, acha. PVC hutoa mafuta polepole na kuilowesha karatasi.
- Penseli laini ya 2B, na karatasi zisizo na asidi.
- Katalogi, yaani kitabu cha orodha ya stempu na bei zake. Facit ya Uswidi inaingia kwa undani kwenye nchi za Nordiki. Norma na LAPE ni za Ufini kwenyewe. Michel ya Ujerumani inatosha kwa kuanzia. Toleo la miaka kumi iliyopita halina shida: bei zimebadilika, ila aina za stempu ni zile zile.

Kama bajeti inabana, nunua lenzi, vifuko na katalogi kwanza. Taa na benzini vinaweza kusubiri.

## Hatua ya 1: Chagua kipande kimoja tu

Anayesema "nakusanya Ufini" huishia na sanduku la vitu visivyohusiana. Chagua kipindi au mada unayoweza kuielewa ndani ya miezi michache. Haya ndiyo maeneo ninayoyapendekeza, kuanzia jepesi.

Barua za vita, 1939 hadi 1944. Vita vya Majira ya Baridi vilianza tarehe 30 Novemba 1939 na kwisha 13 Machi 1940. Vita vya pili dhidi ya Wasovieti vikaanza Juni 1941 hadi Septemba 1944. Askari walituma barua bila stempu, kwa hiyo bahasha nyingi zina neno *kenttäpostia* tu, yaani posta ya uwanja wa vita, pamoja na muhuri au namba ya kikosi. Zipo nyingi, bei yake ni ya chini, na kila moja ina jambo la kusoma. Mimi humwanzishia hapa kila anayeniuliza.

Stempu za simba za Saarinen, 1917 hadi 1930. Zilichorwa na msanifu majengo Eliel Saarinen. Rangi na thamani ni nyingi kwa sababu mfumuko wa bei ulipandisha ada ya posta mara kwa mara. Zinafaa sana kwa kujifunzia meno na alama ya maji.

Miji iliyopotea. Viipuri, Sortavala, Käkisalmi, Terijoki, Petsamo: yote ilikuwa Ufini, leo ni Urusi. Mihuri ya posta zake inatafutwa sana na Wafini wenyewe, kwa hiyo kwenye miji midogo ushindani ni mkali.

Stempu za kwanza, 1856 hadi 1875. Kuzitazama ni raha, lakini kwa anayeanza ni mtego. Ziache kwanza.

Msomaji wa Tanzania ana kipande kingine asichokuwa nacho Mfini wa Helsinki. Ufini ilikuwa miongoni mwa nchi za Nordiki zilizojenga kituo cha Kibaha miaka ya 1960, na barua zilikwenda na kurudi. Bahasha za namna hiyo huenda bado zimelala kwenye masanduku ya familia na ofisi za zamani. Uliza kabla hazijawashiwa jiko.

*Utajua umefaulu ukiweza* kueleza mkusanyiko wako kwa sentensi moja yenye miaka ndani yake. "Barua za vita zilizopita kwa wakaguzi, 1941 hadi 1944" ni mkusanyiko. "Vitu vya Ufini" ni sanduku.

## Hatua ya 2: Shika maneno ya wauzaji

Wauzaji wazuri wengi wapo Ufini kwenyewe, na mara nyingi huandika Kifini tu. Maneno haya yatakufungulia matangazo ambayo mnunuzi wa Kiingereza hayaoni:

- *postimerkki*: stempu
- *kirje*: barua, *kuori*: bahasha, *postikortti*: kadi ya posta
- *leima*: muhuri, *leimattu*: stempu iliyogongwa muhuri
- *postituore*: haijatumika, gundi yake haijaguswa
- *ehiö*: bahasha au kadi yenye stempu iliyochapwa moja kwa moja na posta
- *kirjattu*: iliyotumwa kwa rejista
- *hammaste*: meno, *vesileima*: alama ya maji
- *väärennös*: bandia; *aitoustodistus*: cheti cha uhalali

Alama fupi ni za dunia nzima: nyota mbili (\*\*) maana yake gundi ni nzima, nyota moja (\*) stempu iliwahi kubandikwa kwenye albamu, na duara ni iliyotumika.

Majina ya miji nayo yana sura mbili, kwa sababu Kiswidi kilikuwa lugha ya serikali. Helsingfors ni Helsinki, Åbo ni Turku, Tammerfors ni Tampere, Uleåborg ni Oulu, Wiborg ni Viipuri. Vaasa inachanganya zaidi: tangu 1855 hadi 1917, Ufini ikiwa chini ya Urusi, iliitwa kwa jina la mfalme wa Urusi, Nikolaistad kwa Kiswidi na Nikolainkaupunki kwa Kifini. Muuzaji asiyejua hilo huiandika bahasha kuwa ya Urusi na kuishusha bei. Hapo ndipo pa kuvua.

## Hatua ya 3: Tambua stempu

### Duara dogo linalogharimu watu pesa

Mwaka 1891 Ufini ilianza kutumia stempu zenye mchoro wa Urusi, tai wa vichwa viwili na thamani kwa kopeki na rubo, fedha za Urusi. Ili zisichanganywe na za Urusi zikaongezwa viduara vidogo vyenye nukta katikati. Hizo ndizo stempu za pete. Bila viduara ni stempu ya Urusi, na mara nyingi haizidi bei ya soda.

Shika lenzi, tafuta viduara kwenye mchoro wenyewe. Ukivipata, usishangilie bado. Za thamani kubwa, hasa rubo 3½ na rubo 7, zimeghushiwa kwa kuongezea viduara juu ya stempu halali ya Urusi. Wino wa viduara unatakiwa ufanane na wa mchoro kwa rangi na kwa mng'ao, na mstari wa mchoro usipite chini ya duara. Ukiuona unapita, duara lilikuja baadaye.

### Meno marefu ya 1860 hadi 1875

Stempu za kopeki za 1860, na zile za penni na marka (fedha za Ufini yenyewe) zilizofuata tangu 1866, zina meno marefu yaliyokatwa kwa mawimbi kama vidole. Yalikatika ovyo tangu siku ya kwanza, hata kwenye kuchana karatasi. Katalogi huyagawa katika aina nne kulingana na kina na umbo.

Hesabu meno yote, pande nne. Stempu yenye meno kamili inaweza kuuzwa mara nyingi zaidi ya yenye matatu yaliyokatika, na hapo ndipo mafundi wa kubandika meno walipopata riziki. Ilaze kifudifudi chini ya lenzi na mwanga wa pembeni: jino lililoungwa huonyesha mstari mwembamba mgongoni. Ukiiweka kwenye benzini mstari huo hugeuka mweusi.

### Umbo la yai

Stempu za kwanza, kopeki 5 ya bluu na kopeki 10 nyekundu, zilitoka Machi 1856 bila meno, na mchoro wake ni yai lenye nembo ya simba. Sasa, bahasha rasmi za posta zilikuwa na yai la namna hiyo tangu 1850. Wajanja hulikata yai kwenye bahasha na kuliuza kama stempu. Tazama unene wa karatasi. Tena zipo zilizochapwa upya miaka ya baadaye kwa ajili ya wakusanyaji. Kwa hiyo yai lisilo na cheti halinunuliwi kwa bei ya stempu. Nukta.

### Kupima meno ya Saarinen

Weka stempu juu ya kipimo, isogeze mpaka kila jino likae kwenye mstari wake. Namba unayoisoma ni idadi ya meno ndani ya sentimita 2. Za mwanzo ni 14. Baadaye zikawa 14¼ kwa 14¾, yaani ulalo kwa wima. Toleo la Vaasa la 1918, lililochapwa huko wakati serikali imeikimbia Helsinki kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ni 11½. Mchoro wa simba wa Vaasa unafanana na wa Helsinki kwa mbali, ila uchapaji wake ni wa haraka haraka na namba ya meno inamaliza ubishi.

### Alama ya maji

Za katikati ya miaka ya 1920 na kuendelea zina alama ya maji kwenye karatasi: nyingine ni misalaba yenye ncha zilizopinda, nyingine ni pembe ya posta. Ilaze stempu kifudifudi kwenye trei nyeusi, tone mbili za benzini, tazama sekunde chache kabla haijakauka.

Onyo: benzini inashika moto haraka. Fungua dirisha, zima jiko, na usiwe na sigara karibu. Usiitumie kwenye stempu iliyobaki juu ya bahasha, itaacha doa.

*Utajua umefaulu ukiweza* kuchukua stempu kumi za Saarinen zilizochanganywa na kuzipanga kwa meno na alama ya maji, kisha kurudia kesho yake ukapata jibu lile lile.

## Hatua ya 4: Isome bahasha kabla ya kuuliza bei

Hii ndiyo hatua wanayoiruka wengi, nami sitaipitia mbio.

Isome kwa mpangilio huu: mtumaji na mpokeaji, tarehe, mji, ada, njia, kisha mgongo. Ukianza na stempu macho yatavutwa na rangi.

Chukua mfano wa bahasha iliyotoka Helsinki kwenda St Petersburg mwezi Machi 1896. Mbele ina stempu ya pete ya kopeki 7 na muhuri wa Helsinki wa tarehe 15. Geuza: muhuri wa kupokelewa wa St Petersburg unasema tarehe 4 Machi. Barua imefika siku kumi na moja kabla ya kutumwa!

Wengi wakiona hivyo huirudisha wakisema ni feki. Kumbe ni uthibitisho. Ufini, ingawa ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, ilitumia kalenda ya Gregori kama Ulaya Magharibi. Urusi ilishikilia kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 12 katika karne ya 19 na siku 13 katika karne ya 20. Tarehe 4 ya Urusi ni tarehe 16 ya Ufini: barua ilisafiri usiku kucha kwa treni na kufika asubuhi yake. Mghushi asiyelijua hili huweka tarehe mbili zinazofuatana vizuri, na hapo hujinasa mwenyewe.

Nayo kopeki 7 ilikuwa ada ya barua ya kawaida ndani ya himaya ya Urusi, kwa hiyo stempu, njia na tarehe vinakubaliana. Hicho ndicho unachokitafuta kwenye kila bahasha: makubaliano.

### Lugha ya muhuri

Mihuri ya zamani ni ya Kiswidi peke yake. Kifini kikaongezeka, na miaka ya 1890 ikaja ya lugha tatu, pamoja na Kirusi. Baada ya uhuru wa 6 Desemba 1917 maofisa waliyachonga na kuyaondoa maandishi ya Kirusi kwenye vyuma vya mihuri ili waendelee kuvitumia. Ndiyo sababu utakuta muhuri wa 1918 au 1919 wenye pengo tupu upande mmoja, kama umeng'atwa. Pengo hilo si uchakavu, na wapo wanaokusanya mapengo tu.

Jambo jingine linalowachanganya watu: stempu za Saarinen zenye SUOMI FINLAND zilitoka tarehe 1 Oktoba 1917, miezi miwili kabla ya uhuru. Muhuri wa Oktoba au Novemba 1917 ni sahihi, na ni wa kutafutwa.

### Tarehe zisizowezekana

Viipuri ilikwenda kwa Wasovieti kwa mkataba wa Machi 1940. Wafini waliirudisha mwishoni mwa Agosti 1941, wakaipoteza tena Juni 1944. Kwa hiyo muhuri wa posta ya Ufini wa Viipuri wa Desemba 1940 hauwezekani. Tengeneza jedwali la namna hii kwa kila mji unaokusanya na ulibandike ndani ya jalada la katalogi.

### Njia

Ujerumani ilipoivamia Denmark na Norway mwezi Aprili 1940, bandari ya Liinahamari huko Petsamo, kaskazini kabisa, ndiyo ikabaki mlango wa Ufini kwenda Atlantiki. Mlango huo ulifungwa vita viliporudi Juni 1941. Bahasha ya kwenda New York ya kipindi hicho, hasa ikiwa imeandikwa kuwa inapitia Petsamo, ina hadithi isiyoweza kubebwa na stempu peke yake. Tazama pia karatasi ya mkaguzi iliyofunga ubavu wa bahasha, yenye neno *sotasensuuri*, ukaguzi wa vita. Usiibandue. Usiinyooshe kwa pasi. Hiyo ndiyo mali yenyewe.

### Ada

Tafuta jedwali la ada la kipindi chako. Katalogi za Ufini huwa nalo. Jumla ya stempu ikilingana na ada ya barua hiyo, uzito huo, nchi hiyo, bahasha imesimama vizuri. Ikizidi sana, huenda iliandaliwa na mkusanyaji mwenzako wa zamani ili apate mihuri mizuri. Si bandia, ila thamani yake ni nyingine. Kumbuka pia kwamba tarehe 1 Januari 1963 marka 100 za zamani zilikuwa marka 1 mpya, kwa hiyo ukivuka mwaka huo namba kwenye stempu hushuka ghafla.

*Utajua umefaulu ukiweza* kusimulia safari ya bahasha kutoka kisanduku cha posta hadi kwa mpokeaji, na useme ni kipengele kipi kinathibitisha kila hatua.

## Hatua ya 5: Kagua hali yake

Stempu moja ikipungukiwa jino, bahasha bado inaweza kuwa nzuri. Lakini bahasha iliyofunguliwa kwa kidole hadi stempu ikachanika imepoteza sehemu kubwa ya bei. Mikunjo inavumilika isipopita juu ya stempu au muhuri. Vidoa vya kahawia vya ukungu vikatae, kwa sababu huhamia kwa majirani ndani ya sanduku.

Muhuri unatakiwa uanzie juu ya stempu na kumalizikia kwenye karatasi ya bahasha. Ukiishia ukingoni mwa stempu, au mistari miwili isipokutana sawasawa, stempu hiyo imebandikwa baadaye.

## Hatua ya 6: Chuja bandia

Nne ninazozikuta mara kwa mara:

Zeppelin ya 1930. Meli ya anga Graf Zeppelin ilipokwenda Helsinki Septemba 1930, stempu ya marka 10 yenye ziwa Saimaa ilipigwa maandishi ZEPPELIN 1930. Kuna kosa maarufu lililosomeka 1830. La kweli lipo, la kughushi pia lipo, na stempu ya msingi hupatikana kirahisi. Bila cheti, pita.

Lebo nyeusi ya maombolezo ya 1900. Urusi ilipozuia stempu za Ufini kwenye barua za nje, Wafini walibandika lebo nyeusi ya kupinga pembeni ya stempu ya Urusi. Si stempu ya posta. Ikiwa haikuguswa na muhuri, hakuna kinachozuia kuwa ilibandikwa wiki iliyopita.

Mihuri ya miji midogo ya Karelia, eneo la miji iliyopotea kama Viipuri, iliyogongwa upya juu ya bahasha halali. Wino wake hukaa juu ya karatasi. Wa miaka 80 umeshazama.

Bahasha "ya karne ya 19" inayong'aa. Washa taa ya urujuani chumba kikiwa giza. Karatasi za kale hubaki na rangi hafifu, njano au kahawia. Kemikali za kung'arisha karatasi zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa hiyo bahasha ya 1890 inayowaka bluu nyeupe haina la kujitetea.

Kwa kitu cha bei kubwa, dai *aitoustodistus* yenye picha ya bahasha hiyo hiyo, kisha linganisha meno na mihuri kwenye picha na ulicho nacho mkononi. Wajanja hukishikisha cheti halali na stempu nyingine.

## Hatua ya 7: Nunua na usafirishe

Anza na fungu dogo la bahasha za miaka ya 1930 na 1940 kutoka kwa muuzaji mmoja, kwenye minada ya mtandaoni kama Delcampe au eBay. Omba picha ya mgongo kila mara. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya mgongo ameshakujibu.

Bei ya katalogi siyo bei ya soko. Vitu vya kawaida huuzwa chini yake sana. Tazama minada iliyokwisha kufungwa, bei watu waliyolipa kweli, uweke kikomo chako kabla mnada haujapamba moto.

Mwambie muuzaji atume kwa rejista, kati ya karatasi mbili ngumu, bila selotepu kugusa kifuko. Uliza ushuru wa forodha mapema, kwa sababu nauli na ushuru kwa bahasha tatu za bei ndogo vinaweza kuzidi bahasha zenyewe. Ndiyo sababu ninapendekeza fungu moja kuliko bahasha moja moja.

## Hatua ya 8: Usiloweke

Stempu iliyo juu ya bahasha nzima hailowekwi. Hata kama bahasha ni chafu. Hata kama una nyingine tano.

Kuloweka ni kwa vipande vilivyokwisha kukatwa, vile vinavyouzwa kwa kilo: maji safi ya vuguvugu, robo saa, iache iteleze yenyewe bila kuvutwa, ilaze kifudifudi juu ya karatasi ya kunyonya, kisha iweke katikati ya kitabu kizito ikishakauka. Vipande vya bahasha za rangi vitenge bakuli lake, rangi hutoka. Na kama kipande kina muhuri kamili unaosomeka, kiache kilivyo. Kwa wakusanyaji wa mihuri kipande hicho ni bora kuliko stempu yake.

## Hatua ya 9: Hifadhi, hasa ukiwa Pwani

Karatasi hizi zilizoea hewa kavu na baridi. Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar na Muscat zina unyevu unaoamsha gundi na ukungu.

Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Weka bahasha kwenye vifuko vya poliesta, zisimamishe ndani ya sanduku lenye mfuniko, na tia vipakiti vya silika vinavyobadili rangi vikishashiba. Vikaushe kila vinapobadilika. Sanduku likae mbali na sakafu, ukuta wa nje na dirisha. Usipulizie dawa ya mende karibu.

Stempu zenye gundi nzima zisigusane hata kidogo. Laminesheni usiifikirie: haitoki tena.

Mara moja kwa mwezi fungua sanduku, lipe hewa siku isiyo na mvua, na unuse. Ukungu huanza na harufu kabla ya doa.

## Hatua ya 10: Andika karatasi ya kila bahasha

Usiandike kitu juu ya bahasha, hata kwa penseli mgongoni. Tumia karatasi ya pembeni na uandike: tarehe, mji kwa majina yote mawili, ada na stempu zilizolipia, njia, mihuri ya mgongoni, ulikonunua na bei uliyolipa. Mahali usipoweza kujaza pabaki wazi, usibahatishe. Nafasi hizo wazi ndizo zitakuonyesha bahasha ya kutafuta mwezi ujao.

Ukifika Ufini, Makumbusho ya Posta, *Postimuseo*, yapo Tampere ndani ya kituo cha Vapriikki. Nenda na picha za bahasha zako kwenye simu na bahasha zenyewe uziache nyumbani, kisha linganisha mihuri yako na iliyopo kwenye maonyesho.